Kaka, jicho lako limepona ila linachelewa

Kaka,

Salamu kwanza, na pole tena kwa yote ya mwaka jana. Nimeamua kukujibu hapa hadharani badala ya kwenye simu, kwa sababu simu yetu haiishi bila mtu kuipokonya na kusema, "Lakini daktari si alisema amepona?" Tena dukani kwetu huja watu wenye shida kama yako, na kila mmoja anadhani imempata yeye peke yake.

Uliniambia kwamba ukisimama kando ya barabara ya Landhies hapa Nairobi, matatu za upande wa pili zinakuwa kama zinakata kona kukujia, ilhali barabara imenyooka. Zile za upande wako zinaonekana ziko mbali, unakanyaga lami, mara honi iko sikioni. Shemeji anasema ni woga ulioachiwa na ugonjwa. Vijana wa karakana wanasema ni uzee, nawe hujafika hata arobaini. Na kwa kuwa unasoma herufi zote kwenye chati, kila mtu anaona hiyo kesi imefungwa.

Mimi si daktari, nauza miwani. Lakini ulichoeleza kina jina na kina hesabu yake.

Mwaka jana kilichovimba ni neva ya jicho lako la kulia. Ndiyo maana jicho liliuma kila ulipolizungusha, kuona kukafifia, na kile kitambaa chekundu cha karakana ukakiona kimepauka. Kwa wengi kuona hurudi baada ya wiki kadhaa, kama kulivyorudi kwako. Ila nyuzi za neva zina utando wa mafuta unaoharakisha ujumbe kwenda kwenye ubongo, na uvimbe huula utando huo. Ukishaliwa, ujumbe bado unafika, tena pengine ukiwa safi, lakini unafika umechelewa. Chati haiwezi kuligundua hilo kwa sababu herufi hazitembei. Zitakungoja hapo ukutani mpaka uzisome.

Matatu haingoji.

Macho yako yametengana sentimita 6 hivi, kwa hivyo kila moja lina picha yake, na picha hizo hazilingani kabisa. Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha mwaka 1838 kwamba ubongo huipima tofauti hiyo ndogo na kupata umbali. Sasa tuseme jicho lako la kulia limechelewa kwa milisekunde 5 tu, na matatu inakatiza mbele yako kwa kilomita 20 kwa saa. Ndani ya muda huo matatu imesogea karibu sentimita 3. Jicho la kushoto linasema iko hapa, la kulia linasema iko pale ilipokuwa. Ni kama kutazama mechi kwenye televisheni huku jirani amefungulia redio: redio imeshashangilia goli, kwenye kioo mpira bado uko katikati ya uwanja. Ubongo haujui kwamba kuna aliyechelewa. Unachukua zile sentimita 3 na kuzisoma kama umbali.

Na zinasomwaje? Kinachotoka kushoto kwenda kulia kinavutwa karibu nawe. Kinachotoka kulia kwenda kushoto kinasukumwa mbali. Kwa hesabu ya karatasi, matatu iliyo mita 6 mbele yako ingeonekana iko mita 4 ikienda kulia, na mita 11 ikienda kushoto. Barabarani haifiki huko, maana ubongo una dalili nyingine za kuuzuia, lakini mwelekeo wa kosa ni huo huo.

Hapo ndipo nilipokaa kimya kidogo nikifikiria nchi yetu. Kenya magari hupita kushoto. Ukisimama kando ya barabara, leni iliyo miguuni pako inatoka mkono wa kulia kwenda kushoto. Maana yake matatu inayoweza kukugonga kwanza ndiyo unayoiona iko mbali kuliko ilivyo, na ile ya ng'ambo isiyokuhusu ndiyo inayokurukia. Ungekuwa unaishi Ufaransa, wanakopita kulia, jicho hilo hilo lingekuonea huruma. Nairobi halikuonei.

Mwanafizikia Mjerumani Carl Pulfrich, aliyefanya kazi katika kampuni ya Zeiss kule Jena, ndiye aliyeandika habari za tukio hili mwaka 1922, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Yeye mwenyewe alikuwa haoni kwa jicho moja, kwa hivyo hakuwahi kuliona alilolieleza.

Lijaribu nyumbani. Funga nati kwenye uzi wa urefu wa mkono, mpe kijana wako asimame hatua chache mbele yako, aibembeze kushoto na kulia kwa mstari ulionyooka, ukutani nyuma yake pasiwe na vitu vingi. Tazama kwa macho yote mawili. Nikikisia sawa, utaiona nati inazunguka: ikienda kulia inakukaribia, ikirudi kushoto inakukimbia. Funika jicho la kulia. Mzunguko utakufa palepale, nati itabaki ikienda na kurudi. Kisha mpe shemeji miwani ya jua, afunike jicho moja tu kwa kioo kimoja cheusi na kuacha lingine wazi, atazame nati hiyo hiyo. Giza la kioo hulichelewesha jicho lake zima kama ugonjwa ulivyolichelewesha lako. Nadhani hiyo stori ya woga itaishia hapo.

Najua utaniambia habari za mama mdogo. Ana makengeza tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumgonga kwa mpira wakicheza kati. Anavuka barabara yoyote ya mji huu akiwa na mizigo mikono yote miwili. Mbona yeye? Kwa sababu macho yake hayakuwahi kuzoea kushirikiana. Ubongo wa mtoto mwenye makengeza mara nyingi huipuuza picha ya jicho moja na kujifunza dunia kwa njia nyingine. (Na hata kati ya watu wa makengeza wanaoshindwa kuona mabawa ya nzi wa ile picha ya kupimia umbali kwa macho mawili yakiinuka, wapo ambao bado wanahisi kitu kinachowajia kwa kulinganisha kasi kati ya jicho na jicho. Ubongo una zaidi ya njia moja.) Wewe macho yako yanashirikiana vizuri sana, na ndiyo maana unadanganyika. Usijilinganishe naye.

Mtu wa kujilinganisha naye ni Mansur Ali Khan Pataudi. Najua hupendi kriketi, nivumilie. Mwaka 1961, akiwa na miaka 20, aliumia jicho la kulia katika ajali ya gari kule Uingereza. Shida yake haikuwa kuchelewa, jicho lilimwonyesha mpira wa pili usiokuwepo, lakini alichokifanya kinakufaa: alishusha kofia ikalifunika jicho lile, akapiga mpira kwa moja lililobaki. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameichezea India, na mwaka 1962, akiwa na miaka 21, akawa nahodha wake.

Kwa hiyo jibu la haraka ni hilo. Ukifika barabarani, funika jicho la kulia, vuka kwa la kushoto. Lakini geuza kichwa chote kulia, mpaka kidevu kikaribie bega. Ukilifunika jicho hilo pua yako inakuwa ukuta, na magari ya leni ya kwanza yanatokea upande huo huo. Kwenye daraja la miguu, pita juu ya daraja.

Hutakuwa kipofu wa umbali kwa kubaki na jicho moja. Msaada wa macho mawili hupungua haraka: umbali ukiongezeka mara 2, tofauti inayoletwa na pengo lile lile kati ya kitu kimoja na kilicho nyuma yake hupungua mara 4. Matatu iliyo mita 100 sote tunaipima zaidi kwa jinsi inavyokua. Gari la kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde. Kutoka mita 100 hadi 50 umbo lake linakuwa maradufu, na imechukua sekunde 3.6. Kutoka 50 hadi 25 maradufu tena, sekunde 1.8. Mara inayofuata haifiki sekunde 1. Mwanasaikolojia David Lee alionyesha mwaka 1976 kwamba ukigawanya ukubwa wa picha kwa kasi ya kukua kwake unapata muda uliobaki kabla ya kugongana, hata kama hujui gari liko wapi wala lina mwendo gani. Jicho moja linatosha.

Linapokwama ni kwenye vitu vidogo. Bodaboda ni nyembamba, kukua kwake huonekana kumechelewa, na watu wote, hata wenye macho mazima, hudhani kitu kidogo kitafika baadaye kuliko kikubwa. Usiku ni vibaya zaidi. Gari lina taa mbili, na unaziona zikiachana kadiri linavyokuja. Boda ina moja, na nusu ya matatu za huku kwetu taa moja imekufa. Taa moja usiku, iache ipite.

Kuna na dawa ya kudumu zaidi, japo si ya jicho lenyewe. Tunaweza kukutengenezea miwani yenye kioo cha rangi upande wa kushoto tu, tulicheleweshe na lile zima mpaka yalingane. Imewasaidia watu wenye shida hii. Usiende kununua miwani ya jua ya barabarani, hiyo inatia giza macho yote mawili na moja litabaki nyuma vilevile.

Kabla ya hapo, rudi kwa daktari wa macho, umwambie habari za nati na si za woga. Mwulize kuhusu kipimo cha kubandika waya kisogoni huku ukitazama miraba kama ya drafti inayobadilishana nyeusi na nyeupe. Kwa neva nzima ubongo hujibu baada ya milisekunde 100 hivi. Yako itaonekana imeachwa kwa kiasi gani. Mwulize pia kwa nini neva ilivimba, maana wakati mwingine ni dalili ya ugonjwa mwingine, na hilo hukuelezwa pale ulipotibiwa.

Jumamosi nipo dukani mpaka saa kumi. Njoo na ile fremu yako ya zamani ya chuma, tutajaribu vioo vya rangi kimoja kimoja hapo mlangoni, nati ikibembea, mpaka iache kuzunguka.