Cheti au diploma ya uuguzi: tusichanganye ya hapa na ya Marekani

Mhariri,

Msimu wa udahili wa vyuo vya afya ukifika, wazazi wa Mbeya, Iringa na Njombe huuliza swali lilelile: mtoto aishie cheti awahi kazi, au asome hadi diploma? Siku hizi wengine wanakuja na simu mkononi. Wamesoma kwamba Marekani inawahitaji sana wauguzi wanaoitwa LPN, na wameambiwa kwamba cheti chetu ni sawa na hiyo LPN. Naomba nafasi niyatenganishe mambo haya, kwa sababu yakichanganywa kuna familia itauza shamba kwa ahadi isiyokuwepo.

Nianze na ya hapa. Anayeishia ngazi ya 5 ya NTA, yaani mfumo wa ngazi za elimu ya ufundi, hupata astashahada (ndiyo cheti), na serikalini huajiriwa kama Muuguzi Daraja la II kwa mshahara wa TGHS A, ngazi ya mishahara ya watumishi wa afya. Anayemaliza ngazi ya 6 hupata stashahada (ndiyo diploma) na huingia kama Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, TGHS B. Hizi ni kada mbili, kila moja na ngazi zake. Muuguzi wa cheti anaweza kupanda vyeo ndani ya kada yake, lakini miaka kazini peke yake haimvushi kwenda kwenye kada ya maafisa. Lazima arudi darasani.

Ajira ya cheti ipo, na sitaki kumkatisha mtu tamaa. Zahanati za Makete, Kilolo na Ileje haziwezi kuendeshwa bila wauguzi hawa. Huko muuguzi wa cheti huzalisha, huchanja, huendesha kliniki ya wajawazito na huandika rufaa, mara nyingine akiwa peke yake zamu nzima. Hospitali za mashirika ya dini, ambazo kwetu ni nyingi (Ikonda, Ilembula, Tosamaganga, Igogwe, Chimala), nazo ni mahali pa kupeleka barua. Ila anayetaka baadaye kubobea katika chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi au usafishaji wa figo ajue kwamba cheti pekee hakitamfikisha.

Wengi hujipa moyo kwamba wataajiriwa kwanza, wamalizie diploma baadaye. Inawezekana, lakini ugumu wake hausemwi. Mtumishi wa halmashauri anatakiwa awe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri na apate ruhusa ya maandishi kabla ya kuondoka. Akiondoka bila ruhusa, ni utoro kazini. Akirudi na diploma yake, cheo hakibadiliki siku hiyo. Kubadilishiwa kada kunahitaji nafasi kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), fedha kwenye bajeti ya mishahara na kibali. Anaweza kukaa na diploma kabatini huku akiendelea kulipwa mshahara wa cheti. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: familia inayoweza kulipa mwaka wa tatu, ule wa diploma, kwa kujibana, iulipe moja kwa moja. Isiyoweza, cheti ni mwanzo mzuri, ila mtoto aombe kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo mapema, asisubiri mpaka apate barua ya chuo.

Kuna jambo moja linalowaangusha wa cheti na wa diploma sawasawa. Kuhitimu chuo hakumpi mtu haki ya kufanya kazi. Ni lazima afaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, asajiliwe au aandikishwe, kisha apewe leseni, na leseni hiyo aihuishe kabla haijaisha muda. Kwenye mfumo wa ajira wa serikali, hati ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi badala ya cheti chenyewe. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na leseni, maombi hukwama. Rekebisheni majina mtoto akiwa bado chuoni.

Sasa Marekani. LPN kule husoma takriban mwaka mmoja, hufanya mtihani wa leseni wa NCLEX-PN, na hufanya kazi chini ya usimamizi wa muuguzi aliyesajiliwa au daktari. Nyumba za kutunzia wazee ndizo zinazowaajiri wengi zaidi kuliko mahali pengine. Muuguzi aliyesajiliwa, yaani RN, husoma miaka miwili hadi minne na hufanya NCLEX-RN. Kwa takwimu za serikali yao za Mei 2023, mshahara wa katikati wa LPN ulikuwa dola 59,730 kwa mwaka, na wa RN dola 86,070. Makadirio yao ya 2023 hadi 2033 yalikuwa ongezeko la ajira la asilimia 3 kwa LPN na 6 kwa RN.

Kwa Mtanzania, tofauti kubwa zaidi iko kwenye uhamiaji. Wizara ya Kazi ya Marekani ina orodha ya kazi ambazo mwajiri halazimiki kuthibitisha upya kwamba amekosa Wamarekani wa kuzifanya. RN wamo kwenye orodha hiyo. LPN hawamo. Wakala anayemwahidi muuguzi wa cheti safari ya haraka aulizwe hilo kwanza, kabla hajapewa hata shilingi moja.

Hata wa diploma hapiti kwa jina la cheti chake. Wakaguzi wa kule hupima masomo aliyosoma na mafunzo ya wodini katika maeneo manne: wagonjwa watu wazima, uzazi, watoto na afya ya akili. Nakala ya matokeo isiyoonyesha saa za masomo na mafunzo hayo huzaa barua nyingi za kuulizana na chuo. Ndiyo maana naviomba vyuo vyetu vya Nyanda za Juu Kusini viandike saa za darasani na za wodini kwa kila somo kwenye nakala ya kila mhitimu, bila kusubiri aombe.

Mkufunzi wa uuguzi,
Mbeya