Kanuni iliyonifundisha kusubiri

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze nilichojifunza kwenye taarabu asilia, Mji Mkongwe, ambako mwezi uliopita nilimpeleka shangazi yangu kwa kumstahi tu.

Kabla ya bashrafu ya ufunguzi, yaani muziki wa ala tupu usioimbwa, mpiga kanuni aliinamia ala yake akaanza kuzikaza nyuzi, ambazo zinapita sabini na kwa kawaida hufungwa tatu tatu kwa kila sauti, akigeuza ufunguo kidogo, akidonoa kwa pete ya kidole cha shahada, akitega sikio, kisha akirudia. Nilitazama saa mara nne. Shangazi akaninong'oneza, "Mwanangu, huyo hachelewi, keshaanza."

Kilichonigusa zaidi ni mwimbaji. Kila alipomaliza ubeti alinyamaza, mikono ameikutanisha mbele, akaziacha fidla, udi na akodiani zimjibu, na hakuingia tena mpaka jibu lilipokwisha, ingawa watu walikwishapanga foleni kumtunza na noti zao mkononi. Hapo nilijiona. Mimi ni mkuu wa kitengo ofisini, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwakata kauli walio chini yangu, nikidhani naokoa muda.

Jumatatu iliyofuata karani mmoja kijana alikuja kunieleza kosa katika orodha ya malipo. Alipofika sentensi ya pili jibu langu lilikuwa tayari, tena kali, lakini nikamkumbuka yule mama mwimbaji na mikono yake, nikanyamaza. Karani aliendelea, kwa woga, mpaka akafika pale ambapo nisingemfikisha siku nyingine: kosa lilianzia kwenye karatasi niliyoitia saini mimi mwenyewe bila ya kuisoma. Tangu siku hiyo najizuia, ingawa sifaulu kila mara.

Sina ugomvi na taarabu ya kisasa, naicheza harusini kama wengine. Hata hivyo, vikundi vya asilia, ambavyo mkongwe wao Nadi Ikhwan Safaa uliasisiwa mwaka 1905, havistahili kusahauliwa na kurasa za burudani zinazojaa habari za waimbaji waliorushiana maneno. Nakuomba gazeti lichapishe tarehe na saa za maonyesho yao, walau kwa mistari miwili. Shangazi hana simu ya intaneti, na amekwishaniuliza mara mbili ni lini tena.

Msomaji wako,
Unguja