Mwezi huu ni drama za Boston

Habari za jioni wapendwa. Kura zetu za kuchagua filamu za mwezi zimeangukia Boston, mji wa Marekani, nami nimefurahi kweli.

Jumamosi saa 2 usiku tunaanza na Good Will Hunting (1997). Kijana wa South Boston anafanya usafi kwenye korido za chuo kikuu cha MIT, kumbe hesabu zinazowatoa jasho wanafunzi yeye anazimaliza ubaoni kimyakimya. Walioiandika ni Matt Damon na Ben Affleck, vijana waliokulia Cambridge, ng'ambo tu ya mto Charles, na ikawapa Oscar. Tafadhali msiinuke wakati mwigizaji Robin Williams anapoongea na kijana huyo kwenye benchi la bustani ya Public Garden. Kwangu mimi, moyo wa filamu uko pale.

Jumamosi inayofuata ni Spotlight (2015), kuhusu waandishi wa gazeti la Boston Globe waliofichua mwaka 2002 jinsi viongozi wa Kanisa Katoliki mjini humo walivyowalinda mapadri waliodhalilisha watoto. Inaumiza. Asiyeweza kuitazama asijilazimishe, mjadala ni wa wote.

Mystic River itafuata baadaye.

Watoto walale kwanza, hata ile ya kwanza ina matusi mengi. Mwenye nafasi ya kutupokea kwake aniandikie kabla ya Alhamisi.