Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Wafanyakazi Wenyeji wa Balozi

Ndugu Makamu Mwenyekiti, ndugu Katibu, ndugu Mweka Hazina, ndugu wanachama mliofika na mliotuma udhuru,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya chama chetu, sisi raia wa hapa tulioajiriwa na balozi za kigeni, kwa mwaka unaokwisha. Nawashukuru mliofika. Wengi mmetoka kazini moja kwa moja, na najua kuomba ruhusa ubalozini wakati kuna ugeni wa kutoka makao makuu si jambo dogo.

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia haraka. Kamati ya utendaji ilikutana kila robo mwaka. Wagonjwa walitembelewa, waliofiwa walifarijiwa. Semina ya hifadhi ya jamii ilifanyika, na ya utunzaji wa siri za kazi ilifanyika. Daftari la wanachama limehakikiwa na sasa tuko 94: madereva 27, walinzi 22, wahudumu wa viza na mapokezi 19, wahasibu na wa ugavi 11, wasaidizi wa masuala ya siasa, uchumi na habari 9, mafundi na watunza bustani 6. Anayetaka mchanganuo zaidi amwone Katibu.

Jambo linalohitaji maelezo marefu ni uamuzi wa kamati kutumia zaidi ya nusu ya mfuko wa kusaidiana kumlipia wakili mwanachama mwenzetu, msaidizi wa masuala ya siasa aliyeachishwa kazi mwanzoni mwa mwaka. Nimesikia yaliyosemwa kwenye magari, kwenye vibanda vya walinzi na kwenye kundi letu la simu. Imesemwa kwamba mfuko ule ni wa kufa na kuzikana. Imesemwa pia kwamba nilimsaidia kwa sababu na mimi nafanya kazi hiyohiyo. Nitajibu yote mawili, kwa sababu uamuzi ule niliusimamia mimi na leo ningeusimamia tena.

Kwanza, kilichotokea. Mwenzetu alipigwa picha akiwa kwenye mkutano wa chama cha siasa, amekaa safu ya tatu, daftari mkononi. Picha ikasambaa, na ubalozi ukamwandikia kwamba amepoteza sifa ya kutoegemea upande. Lakini alikwenda pale kikazi. Alitumwa na ofisa wa siasa, mwanadiplomasia wa ubalozi, akasikilize hotuba na kuleta muhtasari kesho yake asubuhi, jambo ambalo sisi wa kada hii tunalifanya kila msimu wa uchaguzi. Ofisa aliyemtuma alikuwa ameshahamishiwa nchi nyingine. Mnajua wenyewe jinsi maofisa wanavyozunguka: miaka miwili, mitatu, minne, anakuja mwingine ambaye hamjui mbunge wala katibu wa chama, na anayemfundisha nani ni nani ni mwenyeji. Kumbukumbu ya ofisi ni sisi. Siku ya kuulizwa nani alimtuma mwenzetu, hakuna aliyekumbuka.

Kabla kamati haijaamua, nilikwenda kwa wakili nikauliza maswali ambayo baadhi yenu mnaniuliza leo. Nataka myasikie majibu, maana yanatuhusu sote. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, katika ibara ya 38, unasema mfanyakazi wa ubalozi aliye raia wa nchi mwenyeji anapata kinga, yaani kutokamatwa wala kushitakiwa, na upendeleo kwa kiasi ambacho nchi yake imekubali kumpa. Hapa kwetu, kama mjuavyo, kiasi hicho hakitoshi hata kumkinga mtu na faini ya barabarani. Kwa hiyo polisi akitaka kumhoji msaidizi wa siasa kuhusu aliyoyaandika, anamhoji. Lakini msaidizi huyohuyo akitaka kumshitaki mwajiri wake, anaambiwa kwamba mwajiri ni dola ya kigeni na haishitakiki. Kwenye kinga tunahesabiwa wenyeji. Mahakamani tunahesabiwa sehemu ya dola ya watu.

Mahakama za wenzetu zimeanza kulegeza hilo. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, ilimpa haki mpokea simu wa ubalozi wa Poland mjini Vilnius, ambaye mahakama za Lithuania zilikuwa zimekataa kumsikiliza. Mwaka 2011 ikampa haki mhasibu wa ubalozi wa Kuwait mjini Paris. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikawaunga mkono wanawake wawili waliofanya kazi za ndani katika balozi za Sudan na Libya mjini London. Sasa angalieni kazi zao: simu, hesabu, jikoni. Upo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2004 kuhusu kinga ya dola, ambao haujaanza kutumika rasmi kwa sababu haujafikisha nchi 30 zilizouridhia, lakini mahakama hizo ziliutazama. Ibara yake ya 11 inasema dola isijifiche nyuma ya kinga kwenye mikataba ya ajira, kisha inaweka vizuizi, na kimojawapo ni mtu aliyeajiriwa kutekeleza shughuli za mamlaka ya dola. Wakili alinitazama akaniambia, mwenyekiti, dereva wako ana njia, huyu wa siasa watasema ndiye sauti na masikio ya balozi.

Ndiyo maana gharama ikawa kubwa. Sikuona sababu ya kulipia wakili wa bei ndogo kwa shauri gumu kuliko yote tuliyowahi kuletewa.

Na ndiyo maana kazi yenyewe ilibidi ielezwe kwa usahihi. Watu wa nje wanadhani msaidizi wa siasa anakaa na balozi wakipanga mambo ya nchi. Anaingia asubuhi, anasoma magazeti yote, anasikiliza redio, anaandika muhtasari uwe mezani kabla ya kikao cha saa tatu. Anapiga simu kuomba miadi kwa waheshimiwa, anapiga tena, anakwenda kukaa kwenye benchi la katibu muhtasari mpaka apewe tarehe. Anatafsiri mazungumzo. Anaandaa wasifu wa mgombea: kazaliwa wapi, kasoma wapi, kahama chama lini. Anayeamua sera ni ofisa, na nyaraka za siri mwenyeji hazioni; mlango wa ghorofa zinakotunzwa hana kadi yake. Wakili alitaka ushahidi wa hayo yote. Mwenzetu akakataa kata kata kutoa karatasi hata moja ya ofisini, kwa kuwa nyaraka za ubalozi zinalindwa na ibara ya 24 ya Mkataba wa Vienna na alikula kiapo cha kutunza siri. Namheshimu kwa hilo. Mimi ndiye niliyekumbuka tangazo la kazi. Nafasi yake ilitangazwa gazetini, kila mtu aliliona, na mle yameorodheshwa majukumu: kusoma magazeti, kupanga miadi, kutafsiri, kuandaa wasifu. Hakuna siri ndani yake. Wakili alijenga hoja yake yote juu ya kipande kile cha gazeti.

Kuna waliouliza kwa nini hatukudai arudishwe kazini. Mkataba uleule wa 2004 unaweka kando madai ya kuajiriwa, kuongezewa mkataba na kurudishwa kazini. Ukidai kurudishwa, unampa mwajiri mlango wa kutokea. Tulidai stahiki: mshahara wa notisi, likizo zilizolimbikizwa, fidia na barua ya utumishi yenye lugha safi.

Hati ya wito ilipopelekwa ilirudishwa getini, na aliyeambiwa airudishe ni mlinzi ambaye ni mwanachama wetu. Alisimama na bahasha mkononi, hajui aishike au aiachie. Natamka hapa kwamba hakufanya kosa. Eneo la ubalozi haliingiliki, na karatasi za mahakama zinapitia wizara ya mambo ya nje. Walioandika maneno juu yake kwenye kundi la simu wamwombe radhi. Hati ikapitia wizarani, ikachukua muda mrefu kuliko tulivyopenda, na kabla suala la kinga halijasikilizwa pande mbili zikakubaliana nje ya mahakama. Mwenzetu alilipwa. Barua ya utumishi anayo.

Kwamba mfuko ni wa misiba tu, someni katiba. Imeandikwa "matatizo yatokanayo na kazi". Wajumbe watano kati ya saba walihudhuria kikao kile, na wanne waliafiki. Kwamba nilijipendelea, nasema ndiyo, nami ni msaidizi wa masuala ya siasa, na kwa hiyo naijua hatari ya kazi hii. Mwaka 2009, baada ya uchaguzi wa Iran, wafanyakazi wenyeji wa ubalozi wa Uingereza mjini Tehran walikamatwa, na mchambuzi wao mkuu wa siasa akapandishwa kizimbani. Mwaka 2023 Urusi ilimkamata raia wake aliyewahi kufanya kazi katika ubalozi mdogo wa Marekani mjini Vladivostok. Serikali ya Marekani ilisema kazi yake ilikuwa kukusanya muhtasari wa habari zilizokwisha kuchapishwa kwenye vyombo vya Urusi. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo. Muhtasari wa magazeti, ndugu zangu. Kazi ninayoifanya kila asubuhi. Chama kisichoweza kusimama na mtu wa namna hiyo kitasimama na nani?

Sasa mahudhurio na ada. Hapa nasema kwa uchungu. Katika wanachama 94, waliolipa ada yote ya mwaka ni 38. Waliolipa nusu ni 17. Waliobaki 39 hawajalipa chochote, na miongoni mwao wamo waliopiga kelele zaidi kuhusu matumizi ya mfuko. Mkutano wa nusu mwaka ulihudhuriwa na watu 26, akidi haikutimia, tukaahirisha, na wa pili wakaja 29. Kikao cha kujadili suala hilihili la wakili kilitangazwa wiki tatu kabla, na kila mwanachama alipigiwa simu. Mweka Hazina anatumia vocha yake mwenyewe kuwakumbusha watu wazima deni lao, na namshukuru hadharani.

Wapo wanaoniambia ajira yao ni ya uhakika, hawana haja ya chama. Julai 2021 wenyeji 182 wa ubalozi wa Marekani na ofisi zake nchini Urusi walipoteza kazi, pamoja na makumi ya wakandarasi, kwa sababu Urusi ilikataza wenyeji kuajiriwa na ubalozi huo. Hakuna kati yao aliyechelewa kazini wala aliyeharibu gari. Nchi mbili zilikosana, basi.

Kwa mwaka ujao, kamati inatarajia kuomba balozi ziweke utaratibu wa kumpa msaidizi maelekezo kwa maandishi anapotumwa kwenye mikutano ya siasa, walau ujumbe mfupi wa barua pepe wenye jina la aliyemtuma. Balozi mbili zimeonyesha nia ya kutusikiliza, na tunaendelea kufuatilia. Tunatumaini pia kuandaa mwongozo wa haki zetu kwa lugha nyepesi, na Mungu akijalia kupata ofisi ndogo ya kudumu. Mfuko utajazwa upya kadiri ada zitakavyoingia. Fomu za makato ya moja kwa moja kwenye mshahara ziko kwa Katibu, karibu na mlango.

Uchaguzi wa viongozi utafuata baada ya chai. Nimechukua fomu ya kutetea nafasi yangu.

Naomba kuwasilisha.