Nyumba yako sasa ina mtoto na mzee

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia mjukuu wangu ameanza kutambaa na kwamba bibi yako anahamia kwako. Ila hao ndio ajali za nyumbani huwaandama zaidi: mtoto asiyejua hatari, na mzee ambaye miguu haimtii tena.

Tunaogopa barabara, nyumbani tunajiona salama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka huua watu wapatao 684,000 kila mwaka, na wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60. Si wote huangukia nyumbani, lakini mfikirie bibi yako akiamka usiku kwenda chooni, gizani, sakafu ina majimaji. Mzee akivunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani. Weka taa njiani, na bafuni vishikio vya ukutani vilivyokaza barabara.

Kwa mtoto naogopa zaidi vitu vya moto. Watoto wa umri wake huunguzwa zaidi na maji, chai na uji kuliko miali ya moto. Maji ya nyuzi joto 60 humwunguza vibaya mtu mzima kwa sekunde tano hivi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Kwa hiyo toa kile kitambaa cha mezani. Akikivuta, kikombe kitammwagikia usoni. Akiungua, mmiminie maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Usimpake mafuta wala dawa ya meno, hata jirani akisisitiza. Na ndoo zote za maji zifunike, kwani kina cha sentimita chache kinatosha kumzamisha.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba wawili hawa wanaweza kuumizana bila kukusudia. Gari la kuchezea likiachwa mlangoni linamwangusha bibi. Vidonge vyake vya shinikizo la damu, anavyoviweka kwenye mkoba kando ya kitanda, mtoto huviona kama peremende, na kimoja tu chaweza kumdhuru. Mwombe kwa heshima mkoba ukae juu, tena kabatini. Mtoto akimeza dawa, usimtapishe. Mkimbize hospitali na uchukue pakiti yenyewe, daktari ajue alichomeza.

Nitakuja kabla bibi yako hajahamia, tufunge vishikio pamoja.

Mama yako