Mpwa wangu, kabla hamjakata mapezi

Mpwa wangu,

Jana usiku mama yako kanipigia simu, akasema umeapa kutorudi kwenye timu yenu ya roketi baada ya yai mlilorusha kupasuka. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu wako wanafunzi wengi ambao yai lao nalo limepasuka.

Jumamosi nilikuwepo uwanjani. Roketi yenu ilipanda imenyooka, na altimita, kile kifaa cha kupima kimo, ikasoma futi 26 pungufu ya mlizopangiwa. Si vibaya hata kidogo. Mashindano haya ya roketi ya wanafunzi wa Marekani hayamtafuti anayepaa juu kuliko wote: kila futi ikizidi au ikipungua ni pointi 1, kila sekunde nje ya muda uliowekwa ni pointi 4, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Ila yai bichi mlilobeba likipata ufa, mruko wote haupo. Mwaka 2019, katika kuadhimisha miaka 50 ya Apollo 11, safari ya kwanza kufikisha watu mwezini, timu zilibebeshwa mayai 3, moja kwa kila mwanaanga.

Wenzako wakawa wanailaumu injini, wengine wanataka kupunguza mapezi, yale mabawa madogo ya chini. Mimi nikaenda kuiokota parachuti kwenye nyasi. Mikunjo miwili ilikuwa imeyeyuka na kushikana, ukingo umesinyaa kama mfuko wa nailoni uliosogezwa jikoni, na bado ulinuka baruti. Ilifunguka nusu tu, ndiyo maana yai likatua kwa kishindo! Ile baruti ndogo inayoifyatua nje ina moto mkali, ndiyo maana katikati huwekwa karatasi zisizoshika moto. Siku hiyo mliweka ngapi? Nimepekua daftari lenu, halikuandikwa.

Pale uwanjani nilinyamaza. Kanuni inataka roketi ibuniwe na iundwe na wanafunzi wenyewe, nami naiheshimu. Hata gundi sijawahi kuwashikia. Lakini ushahidi sikuweza kuuacha upotee kwenye nyasi.

Parachuti nimeihifadhi kwenye boksi la viatu, sijaikunjua. Alhamisi nitakupitia nikupeleke kwenye kikao chenu. Usiwahutubie. Itoe tu, ipite mkono kwa mkono, kila mmoja auguse ule ukingo, kisha mfungue ukurasa mpya wa daftari. Mmetumia jaribio 1 kati ya 3, na siku ya mwisho ni mwanzoni mwa Aprili. Timu 100 bora ndizo zitakazoitwa Virginia mwezi Mei.

Mayai nimeshanunua, trei nzima.

Mjomba wako