Kizazi kitatolewa kwa njia ipi?

Akina mama wengi wanaofika kwenye kliniki yetu hapa Tabora wakiwa wameshaambiwa watolewe kizazi huuliza mambo mawili: bei, na kama watafanyiwa "ile ya matundu", yaani upasuaji wa kamera kupitia matundu madogo tumboni. Ya ukeni haiulizwi, na ndiyo ningependa iulizwe kwanza.

Njia hiyo haina chale tumboni wala haihitaji kamera. Kizazi hushushwa na kutolewa kupitia ukeni. Chama cha madaktari wa wanawake cha Marekani huipendekeza mbele ya nyingine pale inapowezekana, ilimradi ugonjwa si saratani. Mama ambaye kizazi chake kimeanza kushuka anafaa sana. Kuwahi kujifungua kwa upasuaji peke yake hakukufungii mlango.

Kinachoamua ni ukubwa wa kizazi, kama kinacheza kikiguswa au kimeshikamana na utumbo au kibofu, na uzoefu wa daktari. Ultrasaundi yetu inapima ukubwa na fibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani), lakini mshikamano hauonyeshi vizuri. Huo hutafutwa kwa mkono wa daktari na kwa historia yako. (Ukisoma "ukubwa wa mimba ya wiki 14" usishtuke, huna mimba. Ni kipimo tu.)

Pakiwa na mshikamano, matundu husaidia kwa sababu kamera inaona ndani, ila mashine na mtaalamu wake havipo kila hospitali. Fibroidi zikijaza tumbo, kupasua tumbo ni uamuzi wa busara, si ushamba. Gharama yake ni muda: wiki 6 hadi 8 za kupona. Ukeni na matundu hupona mapema zaidi, ingawa ndoo ya maji kichwani itasubiri kwa njia zote. Anayelima tumbaku Urambo na apange tarehe kabla ya mavuno.

Sisi hatupasui. Tunapima, tunaangalia wingi wa damu, tunachunguza mlango wa kizazi, na damu ikitoka ovyo tunakuelekeza ukachukuliwe kinyama cha ukuta wa kizazi kipimwe kabla ya kisu. Uliza pia kuhusu vifuko vya mayai (ovari): kutoa kizazi si lazima kuvitoa, na vikibaki hutaingia komahedhi ghafla.

Ukija, beba picha zako za zamani za ultrasaundi na karatasi za upasuaji wowote uliopita, hata ile iliyochakaa kwenye pindo la kanga.